YAH: Kiuatilifu chenu cha utupa na vifo vya sato bwawani mwangu

Mfugaji wa samaki,
Mvomero, Morogoro.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya viuatilifu vya asili (jina nimelihifadhi kwa sasa).

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua dawa yenu kwa wakala wenu kwa ajili ya vidukari waliovamia bamia na mchicha niliopanda kwenye tuta la bwawa. Lebo imeandikwa kwa herufi kubwa: "Ya mimea, salama kwa binadamu, mifugo na viumbe wa majini." Nikachanganya kwa kipimo chenu, nikapiga jioni upepo ukiwa umetulia. Usiku mvua ikanyesha. Kulipokucha sato walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wengine wakiogelea ubavu. Kufikia mchana ni mizoga tu.

Wakala akanijibu kwa simu kwamba nimejaza samaki kupita kiasi, wamekosa oksijeni.

Jibu hilo silikubali. Afisa uvuvi alikuja na kipimo chake akakuta oksijeni inatosha. Kambare wa bwawa hilohilo wengi wamepona. Kisha nikasoma herufi ndogo chini ya chupa: kiambato ni Tephrosia vogelii. Huo si ndio utupa? Wazee waliponda majani yake wakayatia mtoni, samaki wakaelea wakaokotwa kwa mikono. Uvuvi wa sumu wa namna hiyo umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, nanyi mnauza majani yaleyale mkiyaita salama kwa viumbe wa majini.

Rotenoni na sumu za jamii yake zilizomo kwenye utupa huingia kwa samaki kupitia matamvua, zikazuia seli kutumia oksijeni. Maji yawe na hewa tele, samaki atakufa akitweta. Marekani wataalamu huitumia rotenoni kwa makusudi kufyeka samaki wasiotakiwa ziwani. Mbuzi wangu walikunywa maji hayohayo na wako wazima. Labda dawa mliijaribu kwa mbuzi tu mkaona inatosha. Kutoka kwenye mmea si kuwa salama kwa samaki: pareto nayo ni ua, mwarobaini ni mti, vyote hutoa dawa ya wadudu, na mfugaji makini huviweka vyote mbali na bwawa.

Naomba mnilipe fidia ya sato, vifaranga na chakula. Hesabu na risiti nimeambatanisha. Chupa zenye lebo hiyo ziondolewe madukani, na lebo mpya iseme waziwazi kwamba dawa hii huua samaki na isipigwe karibu na bwawa wala mto. Nipatieni pia nakala ya cheti cha usajili, pamoja na majaribio mliyowafanyia samaki kabla ya kuandika maneno yale, kama yapo.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Chupa iliyobaki na nakala ya barua hii nimezipeleka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Wako,
Mfugaji