Karata za maua zimefika Ujiji

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Swahiba Rama,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, mama mzima ila magoti yanamsumbua, na shemeji yako anakusalimu. Zile salamu za "hofu na mashaka ni juu yako" tulizokaririshwa darasa la tano naziruka, maana sina mashaka yoyote. Mtu anayetuma mzigo kutoka Kobe, Japani, ukafika Ujiji haujafunguliwa, huyo mambo yake yamenyooka.

Ndiyo, umefika. Ulikaa kwa dada yako Dar wiki 2, ukapanda basi, na Alhamisi kijana wa bodaboda akaniletea mpaka ofisini (unaijua ofisi yenyewe, meza moja na TV mbovu zimejaa hadi mlangoni). Fulana yenye picha ya Mario, yule wa kwenye gemu, imenienea, tumbo ndilo linalobana kidogo. Lakini ile pakiti ndogo ya karata za maua, ndugu yangu, niliishika muda mrefu kabla ya kuifungua. Hicho ni kitu cha kwanza halisi cha Nintendo, ile kampuni ya gemu ya Japani, nilichowahi kukigusa maishani. Fikiria hapo. Sisi tuliouza hadi mihogo ya bibi tupate hela ya zamu ya gemu kwa Baba Mwajuma, hatukuwahi kushika kitu chao hata kimoja. Ile mashine ilikuwa bandia, pedi za kubonyeza bandia, na ile kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999 ilikuwa na gemu 5 zilizokuwa zinabadilishwa majina. Hata jina la kampuni hatukulijua. Tulisema "gemu ya kaseti", basi.

Sasa nikwambie za karata. Juu ya pakiti kuna picha ya Napoleon, na jina lake, Daitoryo, maana yake ni Rais. Kule kwao Ufaransa Napoleon hakuwa rais hata siku moja, lakini hilo tuwaachie wenyewe. Ijumaa baada ya swala nikazipeleka barazani, pale chini ya mwembe, wazee walipokuwa wanacheza. Mzee wa kwanza akazipekua zote, akaniangalia: "Kopa iko wapi?" Nikamwambia hakuna kopa, hakuna shupaza, hakuna namba. Ziko 48, kila mwezi una karata 4, na kila mwezi una ua au mti wake. Januari msonobari, Machi maua ya mcheri, Agosti nyasi na mbalamwezi. Akauliza, "Sasa bila namba, aliyeshinda anajulikanaje?" Nikaeleza nilivyoweza, kwamba unaoanisha ya mkononi na iliyo mezani kwa mwezi wake, na picha nyingine zina thamani kuliko nyingine. Wakabishana robo saa, wakatunga sheria zao, wakacheza.

Kilichowakamata ni mlio. Umeona zilivyo ndogo na ngumu? Ukiipiga mezani inalia pa! kama kibao. Mzee mmoja akasema karata ya kweli ni ile inayolia, hizi zetu za dukani siku hizi ni matambara. Mpaka magharibi inaingia hawajanirudishia. Jana nimezifuata nikakuta moja ina doa la kahawa, mwezi wa Desemba. Nisamehe, sikuweza kuwagombeza.

Uliniuliza kwenye simu, hawa watu wa Nintendo walitokaje kwenye karata wakafika kwa Mario. Mtandao ukakatika nikiwa bado nafungua mdomo, kwa hiyo nakujibu hapa, na utanivumilia maana hili jambo nimelisoma usiku na usiku.

Alikuwepo bwana mmoja mjini Kyoto, Fusajiro Yamauchi. Mwaka 1889, mwezi wa Septemba, akafungua duka la kutengeneza hizi hizi karata za maua. Piga hesabu za kwetu: ni miaka 18 baada ya Stanley kumkuta Livingstone hapa Ujiji, na reli ilikuwa bado miaka 25 ifike Kigoma. Kampuni ya gemu ina umri kuliko stesheni yetu! Karata zikalisha ukoo. Mwaka 1949 kampuni ikamwangukia kitukuu chake, Hiroshi Yamauchi, kijana wa miaka 20 na ushee, naye akaishika mpaka 2002. Mwaka 1959 akaweka picha za Disney kwenye karata ili watoto nao wanunue. Ziliuzika sana, lakini mwisho wa karata ni karata, nyumba ikishakuwa na pakiti moja hainunui ya pili mpaka ile ichakae.

Hapa ndipo anapoingia mtu wangu. Mwaka 1965 waliajiri fundi wa kuangalia mashine za kiwandani, Gunpei Yokoi. Fundi kama mimi, Rama! Kazi yake kupaka grisi na kukaza nati. Mashine zikienda vizuri alikuwa hana la kufanya, basi akajitengenezea mkono wa kukunjuka na kukunjika, unavuta kitu kilichoko mbali bila kuinuka kitini. Bosi akamwona. Mimi enzi zile nafanya kazi kwa mtu, siku nilipokutwa natengeneza feni yangu kwa muda wa kazi, nilikatwa mshahara. Yeye Yokoi akaambiwa: tengeneza nyingi, tuuze. Mwaka 1966 ukatoka Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni 1. Fundi akahamishiwa kwenye ubunifu na hakurudi tena kwenye grisi.

Huyu bwana alikuwa na msemo, kwamba usikimbilie teknolojia mpya ya bei kali. Chukua ile iliyochakaa, iliyozoeleka, iliyo rahisi, kisha uitafutie kazi ambayo hakuna aliyeiwazia. Nilipousoma nikauandika kwa chaki ukutani ofisini. Inasemwa kwamba alikuwa kwenye treni akamwona abiria mmoja kachoka, anachezea kikokotoo tu kupitisha muda. Vioo vya vikokotoo wakati huo vilikuwa bei ya kutupa. Mwaka 1980 ikazaliwa Game & Watch, gemu ndogo ya mfukoni yenye saa, na zikauzwa zaidi ya milioni 43. Ile alama ya msalaba kwenye pedi, ambayo dole gumba lako la kushoto liliota sugu kwa ajili yake, ni yake pia, ya mwaka 1982. Na Game Boy ya 1989, gemu ya kushika mkononi, isiyo na rangi wakati wenzake wana rangi, ni yake. Walimcheka. Lakini ilitumia betri 4 ndogo na ikadumu nazo masaa mengi, wakati zile za rangi zilimaliza betri 6 kabla mtu hajakolea. Alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1997. Wakati huo, ukikumbuka, mimi na wewe ndiyo tunajifunza kuruka lile shimo la kwanza.

Mashine yenyewe ya kaseti aliisimamia mwingine, Masayuki Uemura. Ilitoka Japani Julai 1983, nyekundu na nyeupe, pedi zimeunganishwa kwa waya moja kwa moja. Na sababu ya kufika kwa Baba Mwajuma ni kwamba ilikuwa rahisi ndani. Wajanja wakaja kuibana mashine nzima kwenye chipu moja, wakaifunika plastiki, wakaisambaza duniani. Wenye kampuni hawakupata hata senti yetu moja. Nimeliwaza hili sana. Kosa ni kosa, siwezi kulisafisha, lakini bila wale wezi Ujiji isingemjua Mario. Ndiyo maana pakiti yako nimeipokea kama mtu anayelipa deni la zamani, ingawa aliyelipa ni wewe.

Fulana nayo ina kesi zake. Vijana wa kijiweni waliponiona: "Fundi, umevaa katuni!" Nikawaambia huyu si katuni, huyu ni fundi bomba, na kabla ya hapo alikuwa seremala. Ni kweli. Mwaka 1981, kwenye gemu ya Donkey Kong aliyoibuni Shigeru Miyamoto, alikuwa seremala na hata jina hana, anaitwa Jumpman. Jina la Mario walilichukua kwa mwenye ghala walilopanga kule Marekani. Na sharubu zile si urembo! Vidoti vya picha vilikuwa vichache, mdomo haukuweza kuchorwa ukaonekana, wakamwekea sharubu. Nywele nazo zilikuwa taabu, wakamvika kofia. Ukiangalia tena Super Mario Bros. ya 1985, kichaka cha chini na wingu la juu ni umbo moja, wamebadilisha rangi tu. Gemu nzima ina kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaimeza mara 50.

Umesema ukipata nafasi utanitafutia na vitu vingine. Ahsante, ila sikiliza. Ile mashine ndogo waliyotoa 2016 yenye gemu 30 ndani nimeiona, na zote 30 ni tofauti kweli, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa na kaseti ya 9999 linaleta kizunguzungu. Na ile ya Lego, vipande vya plastiki vya kujengea, ya mwaka 2020, vipande 2,646, unajenga mashine pamoja na TV ya chogo, ukizungusha mpini Mario anatembea kwenye kioo. Nzuri, sikatai. Lakini mtu ananunua vipande ajenge chogo la plastiki na mimi ninayo matatu ya kweli yamenizibia mlango? Usitume. Kama ni hisani, safari ijayo ukishuka Kobe nenda Uji, karibu na Kyoto. Wamefungua makumbusho yao Oktoba 2, 2024, ndani ya kiwanda cha zamani walikotengenezea karata na baadaye kukarabati mashine zilizoharibika. Tiketi zinaombwa mapema kwa bahati nasibu, kwa hiyo usiende kichwa kichwa. Ndani kuna pedi kubwa ajabu, inabidi watu 2 washike moja, huyu msalaba, yule vitufe. Nilipomsomea shemeji yako kwamba karakana imegeuzwa makumbusho, akasema yangu tayari ni makumbusho, imebaki kuuza tiketi.

Sasa lile hasa lililonikalisha chini kuandika.

Nilipopata pakiti nilikwenda kwa Baba Mwajuma, mtaa wa Mwanga, kumwonyesha. Amezeeka, lakini anakukumbuka; alisema "yule wa kupuliza kaseti". Akaingia ndani akatoka na gunia. Rama, ni ile ile! Mashine, pedi 2, ile bunduki ya gemu ya kupiga bata, kaseti 3. Amenipa nijaribu kuiamsha. Nilipofungua kaseti nikakuta pini zina kutu ya kijani, na hiyo ni kazi yako. Wenye kampuni wenyewe waliwahi kuonya watu wasipulize, maana unyevu wa pumzi unakula pini. Kilichokuwa kinasaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha tu. Mate yako yamekaa humo karibu miaka 30. Nikasafisha kwa kifutio cha penseli, spiriti na pamba.

Kwenye TV ya flati Mario aliwaka vizuri, ila bunduki ikawa kama kijiti. Nikajua sababu. Ile bunduki haitoi kitu, inapokea. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea mraba mweupe, na ndani ya mtutu kuna jicho la mwanga. Likiuona weupe, bata kaanguka. TV ya flati inachelewesha picha kidogo tu, na lile jicho halina subira. Nikaburuta chogo moja kutoka mlangoni, nikaunganisha, nikapiga. Bata akadondoka! Yule mbwa akainuka naye kwenye majani. Nilipiga ukelele mpaka muuza dagaa wa jirani akaja mbio.

Mwanangu wa mwisho akawa amekaa pembeni, kashika pedi, anabonyeza bonyeza kwa kukosa kazi. Bata akaanza vituko. Kushoto, kulia, anapanda, anageuka nikitaka kufyatua. Nikamwambia mtoto weka pedi chini. Bata akatulia, akaruka kawaida. Nikamwambia shika tena, bonyeza kulia. Bata akaenda kulia.

Nikakaa kimya, Rama. Nikakumbuka zamu zangu zote. "Sudi, lete nikushikie pedi isianguke." Kila siku. Mimi nakosa, mbwa ananicheka, na wewe unasikitika pamoja nami, unanipa pole, halafu unachukua bunduki unapiga bata 10 kwa 10 huku mimi nimekushikia hiyo hiyo pedi kwa adabu, sibonyezi kitu.

Sitaki maelezo kwa simu. Likizo yako ukija, chogo liko mezani, bunduki utashika wewe, na pedi nitakushikia mimi isianguke.

Wako,
Sudi