Mchumba wangu alilicheka gauni la kambo wangu

Yaya mshauri,

Kunakaribia kucha na sijafumba macho. Nisamehe maandishi, ninaandika kwa simu na chaji imebaki kidogo.

Mambo ya arusi za hapa Lubumbashi unayajua, sitakueleza yote. Mahari yalitolewa, pande zote mbili wakala wakanywa. Imebaki komini, yaani ndoa ya serikali, na kanisa, mwezi wa nane, wiki moja. Ushauri ninaotaka ni wa gauni. Gauni tu. Wengine watasema ni jambo dogo, lakini soma kwanza.

Gauni lenyewe ni la kambo, yaani bibi yangu, mama wa mama. Aliolewa nalo mwaka 1958, mji ungali unaitwa Elisabethville, mume wake anafanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi. Alilishona mwenyewe pale fwaye ya kambi ya wafanyakazi, mahali wanawake walipokuwa wanafundishwa kushona. Ni dantela, yaani lesi, ya pamba, kola inapanda mpaka shingoni, mikono mirefu, vifungo vidogo vya kitambaa vinashuka mgongo mzima. Anasema walikuwa na gazeti lenye picha ya Grace Kelly, yule mwigizaji wa Marekani aliyeolewa Monaco mwaka 1956, wakatazama picha na kukata. Vita vya Katanga vikapita, Zaire ikaja ikaondoka, gauni likabaki ndani ya sanduku la bati na naftalini.

Mimi silivai kwa ajili ya kuokoa pesa. Hilo ndilo wanalosema kule kwao mchumba, na linaniuma. Pesa hazitoshi, ni kweli, nani zinamtosha? Lakini hata zingekuwepo ningevaa hilo. Tangu zamani sipendi zile za kukodi zenye krinolini ya kupanua sketi, mawe yanayong'aa na mkia wa kubebwa na watoto wawili. Ninapenda huu mtindo wanaouita boho: gauni linaanguka lenyewe mwilini, halina vyuma kiunoni, mikono ni mipana, kuna dantela, maua kwenye nywele mahali pa taji. Unatoka kwa vijana wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 1960 na 1970, waliokuwa wanachimbua nguo za bibi zao na kuzivaa upya. Sasa mimi ninaye bibi, na nguo ninayo. Kuna ubaya gani?

Fundi wangu wa Kamalondo alilipenda. Alisema atapunguza kola, atafungua mikono kidogo kwa shifoni, na upindo atauinua usiguse chini, maana vumbi letu jekundu likiingia kwenye dantela halitoki. Alinikataza javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, kabisa, eti itakula nyuzi za zamani. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, kukausha kivulini na kulilaza, si kulitundika. Nilifanya yote hayo kwa mikono yangu. Rangi ikabaki ile ya pembe ya ndovu, na mimi ndiyo niliyoitaka.

Jumapili wakaja, mama mkwe, wifi mkubwa, na mchumba mwenyewe. Nililitoa ili waone. Wifi akaliinua kwa vidole viwili na kusema, "Hii ni robe ao ni mustikere?" Yaani gauni ao chandarua cha mbu. Yaya, wote wakacheka. Mama mkwe akasema tulitie javeli liwe jeupe, mwanamke safi anaingia kanisani na nyeupe, halafu ile ya kukodi wao watalipa, dola 250, kamati ya arusi isione haya mbele ya watu. Nikajibu kwa adabu. Nilisema nyeupe yenyewe haikuletwa na Biblia, ni tangu Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 na hariri nyeupe na dantela ya Honiton ndipo watu wakaanza kuiga, kabla yake hata mabinti wa wafalme waliolewa na rangi yoyote. Sikupandisha sauti. Wanasema nilipandisha, si kweli. Wifi akasema mtoto wa shule anafundisha wazee.

Lakini si wifi, Yaya. Wifi ni wifi. Ni yeye mchumba. Alicheka. Nilimwona, alianza kwa kuinama kama anazuia, kisha akacheka na meno yote. Na gauni hilo alikuwa ameshaliona! Nilimtumia picha akiwa kazini Kolwezi, akajibu ni zuri, nitakuwa tofauti na wengine wote. Sasa uzuri ulikwenda wapi siku dada yake alipofungua kinywa?

Na kambo alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

Baadaye nilimuuliza mchumba kwa nini alicheka. Akasema ni mzaha tu, wewe unapenda kukasirika, na dada yake amemlea. Ninajua amemlea. Amemlipia shule, simkatalii. Lakini mimi pia nina aliyenilea, na ndiye aliyekuwa nyuma ya ule mlango.

Kambo hakusema kitu mpaka jana. Akaniambia, "Vaa ya kwao, mwanangu, mimi sina neno." Akaomba gauni lake lirudi kwenye sanduku. Mama naye anasema nikubali, arusi ni siku moja, nisiharibu nyumba kwa sababu ya kitambaa. Pengine wana haki. Kusema ukweli nimechoka, nitavaa hiyo ya mawe, wapige picha zao wafurahi. Halafu nikikumbuka alivyocheka ninasema hapana, hata wakileta ya dola 1000 siivai.

Si mtu mbaya. Hanywi, mshahara wake anaujulia kazi, na mama yangu mgonjwa alimpeleka hospitali usiku bila kuombwa. Usifikiri ninatafuta sababu ya kumwacha. Ila ninajiuliza: tukishaoana, siku nyingine wakicheka kitu kingine cha kwetu, chakula, ao lugha ya mama, ao mtoto wangu, atatazama upande gani kwanza?

Ijumaa fundi anataka jibu, akate kola ao asikate, na dantela ya umri ule ikikatwa haishonwi tena ikawa kama mwanzo. Kamati nayo inataka jina langu kwenye ile ya kukodi. Na komini inakaribia, pale ninatakiwa kusema ndiyo mbele ya watu wote. Nijibu lipi kwanza, Yaya? Na kambo, nimwendee peke yangu, ao nimwambie mchumba aende mwenyewe akapige magoti? Nikimwambia akakataa, je?

Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali.

Bibi arusi wa Katuba