Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeko Mlimani: Tanga ina kazi yako

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku sote wazima, na mama yako anakusalimu sana. Anasema simu yako ya Jumapili haikumtosha. Nakujibu hadharani kwa sababu ulichoniuliza naulizwa na vijana wengi wa mkoa huu walioko vyuoni, na jibu langu kwao wote ni hili hili.

Umeniandikia kwamba ukishachukua shahada yako ya uhandisi wa kemikali hutarudi nyumbani, kwa kuwa Tanga kazi ya mtu wa fani yako ni bomba la mafuta la Chongoleani tu. Bomba silibezi. Kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda hadi kwenye bahari yetu ni kazi kubwa, na wapo vijana wa hapa waliopata riziki humo. Ninachokikataa ni kwamba hakuna kingine. Kipo, tena kingi, ila kimekaa kwa watu wasio na uwezo wa kutangaza nafasi za kazi magazetini: fundi wa majiko, mama anayeotesha uyoga, mkulima wa ekari chache za mkonge, mchuuzi wa machungwa. Watu hawa wanabuni kila siku namna ya kutumia kuni pungufu, kutupa pungufu, kutoa moshi pungufu. Wakipata msomi wa kukaa nao, kazi yao hupanda daraja. Nataka nikuonyeshe kwa nini nina hakika hiyo.

Anzia Hale, pale pale basi lako linapopita likitoka Segera. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, kila kilo 100 za majani hutoa singa, ndizo hizo nyuzi, kilo 4 hivi. Zile 96 zinazobaki ni maji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi zilisukumwa kwa maji mengi zikaishia mabondeni na mitoni. Ile harufu unaijua tangu utotoni. Wewe unajua kuliko mimi kinachofanyika ndani ya rundo kama lile, lakini kwa ajili ya wengine wanaosoma barua hii niseme: mabaki yakioza pasipo hewa hutoa methani, na kilo moja ya methani, ikihesabiwa kwa miaka 100, huipasha dunia joto karibu mara 28 zaidi ya kilo moja ya hewa ukaa. Yaani tulikuwa tunauza sehemu nne na kuziachia mto na anga tisini na sita.

Waliolikalia jambo hili kwa subira ni wanasayansi wa vijidudu wa chuo chako, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Profesa Amelia Kivaisi, Anthony Mshandete na wenzao, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, walichukua mabaki ya mkonge wakayaweka kwenye machupa ya maabara, wakapima gesi inayotoka. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ambayo mimi kila nikiyakumbuka nafikiria soko letu la samaki la Deep Sea. Walichanganya nyama ya mkonge na taka za samaki. Mkonge una kaboni nyingi na naitrojeni haba; samaki ana naitrojeni nyingi kupita kiasi, akioza peke yake hutoa amonia inayowadhuru bakteria wenyewe wanaoozesha. Ukiviweka pamoja kila kimoja kinamfichia mwenzake aibu. Methani iliongezeka kwa asilimia 59 hadi 94 kuliko kila taka ikiozeshwa peke yake, na mchanganyiko uliofanya vizuri zaidi ulikuwa theluthi moja samaki, theluthi mbili mkonge.

Hebu ufikirie huo uwiano ukiwa umesimama Tanga. Mkonge uko upande huu, matumbo na vichwa vya samaki viko upande ule, na katikati ni safari fupi ya kirikuu.

Miaka miwili baadaye wakachapisha jingine, dogo lakini la kifundi hasa: nyuzi za mkonge zilizotupwa zikikatwa vipande vya milimita 2 hutoa methani zaidi kwa asilimia 23 hivi kuliko zikiachwa ndefu. Ugunduzi wa namna hiyo hauhitaji mabilioni kuutumia. Unahitaji mashine ya kukatia, na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe inachomelewa na mafundi wetu kila wiki.

Mwaka 2008 mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge ukazinduliwa Hale, wa kilowati 300, kwa ushirikiano wa kampuni ya Katani, serikali, UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Ulitajwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Siku hizi tunausemea kidogo mno. Watoto wa shule za Tanga wanafundishwa mkonge kama historia, habari ya enzi za tani 230,000 za mwaka 1964, kabla nailoni haijatuangusha. Wangefundishwa pia kwamba mkoa wao ulionyesha dunia umeme unaotoka kwenye taka ya jani.

Utaniambia Katani si biashara ndogo. Kweli, na hapo ndipo ninapotaka kufika. Utaalamu haujawahi kuukosa mkonge. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, akaipanda Pangani, na mashamba yote uliyoyaona yalianzia hapo. Mlingano kikajengwa kituo cha utafiti mwaka 1934. Lakini utaalamu ule ulimtumikia mwenye shamba. Manamba aliyekata majani hakuulizwa lolote, wala hakuna aliyemletea kipimo cha kumrahisishia jambo lake. Mimi nashangilia leo kwa sababu naona mlango wa pili ukifunguka, wa msomi kukaa na mtu mdogo, na ninaumia kwamba wanaoupita bado ni wachache.

Chukua uyoga. Mwaka huo huo wa 2008 Mshandete na mwenzake walichapisha utafiti wa kuotesha aina tatu za uyoga, mmojawapo wa jamii ya mamama (oyster), juu ya mabaki ya korona yaliyoozeshwa kwanza. Hii ni kazi ya chumba kimoja. Mabaki yanapashwa joto kuua vimelea, yanapoa, yanachanganywa na mbegu za uyoga, yanafungwa kwenye mifuko na kuwekwa mahali penye giza na unyevu. Shamba halihitajiki, na baada ya mavuno yanayobaki ni mbolea. Mwanamke mwenye chumba cha uani anaweza. Shida moja nimeiona kwa wanaoifanya huku: ule upashaji joto unakula kuni. Pipa la maji linachemka saa nyingi, na unajikuta unaokoa taka kwa mkono mmoja huku unakata mti kwa mkono wa pili. Nani atawatengenezea pipa linalotunza joto, au linalopata sehemu ya joto lake juani? Jua la Tanga unalijua. Hiyo ni hesabu ya mwaka wako wa pili, na haijafanywa kwa ajili yao.

Au njoo kwenye majiko, ambayo nayajua vizuri zaidi. Fundi mmoja wa Ngamiani anatengeneza majiko ya bati na udongo, na amekuwa akibadilisha umbo la chumba cha moto kidogo kidogo. Anatengeneza pia mkaa mbadala wa vifuu na makumbi ya nazi. Kazi yake ni nzuri, wateja wake mama lishe wanaisifu, nami nikiwa mmoja wa wanaomtetea nasema wazi kwamba sifa hazitoshi. Akienda kuomba zabuni ya shule anaulizwa: jiko lako linaokoa mkaa kiasi gani? Vipande vyako vina unyevu kiasi gani, majivu kiasi gani, joto kiasi gani kwa kilo? Hana jibu la tarakimu, na bila tarakimu hana zabuni. Kipimo chenyewe si cha ajabu: unapima mkaa kwenye mzani, unachemsha maji ya lita zinazojulikana, unaandika muda na joto, unapima mkaa uliobaki, unarudia mpaka namba zitulie. Joto la kilo moja linapimwa kwa kalorimita, ambayo chuoni kwenu ipo maabara na Ngamiani haipo.

Wakati wenyewe ni huu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na serikali imekwisha kuzielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Shule, magereza, vyuo, wote wanatafuta mbadala. Ikiwa mafundi wetu hawatakuwa na vipimo mkononi, fedha hiyo itakwenda kwa waagizaji wa vitu vya nje, na fundi aliyeanza kuhangaika na moshi kabla ya mikakati yote hii atabaki pembeni.

Machungwa ya Muheza niyapitie haraka. Msimu ukifika unayaona yanaoza kando ya barabara, na kila mtu anasema yageuzwe bayogesi. Wanaosema hivyo hawajui, na wewe unajua, kwamba ganda la chungwa lina mafuta yenye limonini ambayo huwaua bakteria wa mtambo. Kijana mmoja mwenye bidii anaweza kumaliza akiba yake akijaza maganda kwenye tangi asipate hata moto wa kuchemshia chai, kisha mtaa mzima ukahitimisha kwamba bayogesi ni uongo. Mafuta yakitolewa kwanza yanauzika kwa watengeneza sabuni, na ganda lililobaki ndilo linalofaa tangi. Mtu akiambiwa hilo mapema anaokoka hasara.

Usidhani hili la msomi na mtu mdogo ni ndoto ya mjomba wako. Waingereza walilianzisha mwaka 1975, na tangu 2003 linaitwa Knowledge Transfer Partnerships. Mhitimu anawekwa ndani ya kampuni kwa mwaka mmoja hadi mitatu kufanya kazi moja iliyoainishwa, mwalimu wake wa chuo anamsimamia, serikali inalipa sehemu ya gharama na kampuni inalipa iliyobaki. Kilichonivutia ni kwamba mhitimu anakaa karakanani. Hatembelei, anakaa. Na jirani zetu wa Unguja na Bagamoyo wana mfano wao: wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, walipoona mwani wao unakufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto, Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya nao majaribio ya kuupanda kwenye maji ya kina zaidi, kwa kamba zinazoelea na baadaye kwa nyavu za mrija. Wakulima walileta uzoefu wao wa bahari, yeye akaleta vipimo. Wanaolima mwani pwani yetu ya Mkinga wanahitaji hayo hayo.

Fedha? Ni ngumu, sikufichi. Lakini ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na maombi mengi huanguka kwa sababu andiko halina hesabu inayosimama. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo tangu 1973; COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wapo. Kinachokosekana kwenye hizo ofisi mara nyingi ni mtu mmoja anayeweza kuongea lugha ya fundi asubuhi na lugha ya maabara mchana. Mpwa wangu, mtu huyo umekwisha kuwa. Umekulia kwenye jiko la mkaa la mama yako na umesoma mizania ya nishati.

Basi nina ombi. Mwaka huu, badala ya kupeleka barua yako ya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni zile zile ambazo darasa zima linapeleka, iandike kwa fundi wa Ngamiani. Nimezungumza naye, amekubali. Atakupa meza, chakula cha mchana na majiko ya kujaribu ya maumbo tofauti. Muhuri anao, biashara yake imesajiliwa, kwa hiyo chuo hakitakuwa na sababu ya kukataa. Mwalimu wako akitaka kuzungumza naye, nipigie, nitawaunganisha. Mzani wa maana na kipimajoto uje navyo kutoka chuoni, kwa maana huku mizani ni ya sokoni. Uchukue na sampuli za vifuu ukirudi, ukazipime kwenye kalorimita, majibu yaje kwa maandishi yenye jina la idara, ili ayaambatanishe na zabuni ya shule inayofungwa kabla ya muhula mpya.

Utalala kwetu. Nauli nitatuma mwisho wa mwezi.

Mjomba wako,
Tanga