Kasha la santuri za zamani na mfereji wa simu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mtu anayenunua makasha ya sidii za muziki wa zamani, ilhali nyimbo zile zile zinapatikana kwenye simu, ni sawa na anayekwenda kuchota maji kisimani na mfereji umo ndani ya nyumba. Mfano wake umenichekesha, na kama hoja ni sauti peke yake, sina la kumpinga. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Wete, nakusanya makasha ya jazi na swingi kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na ninachokitafuta humo zaidi ni maandishi.

Niondoe kwanza mkanganyo mmoja. Hapa kwetu ukitaja jazi watu hukumbuka Morogoro Jazz na Western Jazz, bendi zilizobeba jina hilo huku zikipiga dansi la rumba. Ninayoikusanya ni jazi ya Wamarekani weusi, ambayo ilianza kutiwa kwenye santuri mwaka 1917 (na ajabu ni kwamba waliotangulia kurikodi walikuwa bendi ya wazungu), pamoja na swingi ya bendi kubwa za dansi za miaka ya 1930. Niliijua kwa redio ya marehemu baba, katika kipindi cha Sauti ya Amerika ambacho Willis Conover alianza kukitangaza mwaka 1955. Bwana yule alisema pole pole mno, hata sisi watoto wa skuli, ambao Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, tuliyashika majina ya wapigaji.

Majina hayo ndiyo ninayoyalipia. Chukua kasha la sidii 4 la kampuni ya JSP ya Uingereza, lenye kazi za mpiga tarumbeta Louis Armstrong za kuanzia mwaka 1925, alizorikodi na makundi yake ya Hot Five na Hot Seven. Ukifika kwenye "West End Blues", ile inayofunguliwa na tarumbeta pekee kabla wenziwe hawajaingia, unajua kwamba ulirikodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928, kwamba kwenye piano yuko Earl Hines, kwamba banjo inapigwa na Mancy Carr, na kwamba ile sauti ndogo ya kugonga ni ya Zutty Singleton. Niliutafuta wimbo huo huo kwenye simu ya mjukuu wangu, na simu ikaniandikia mwaka 2006. Kwa mujibu wa simu, basi, Armstrong alikwenda studio miaka 35 baada ya kuzikwa.

Nakiri kwamba makasha yana maudhi yake. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ile ya inchi 10, ilichukua kama dakika 3 tu kila upande, na wapigaji mara nyingi waliurudia wimbo mpaka wakapata uliowaridhisha. Watayarishaji wanaotaka kasha liwe kamili hupenda kuweka marudio yote mfululizo, ikawa unasikiliza wimbo mmoja mara tatu kabla chai haijapoa. Marudio hayo yangepelekwa mwisho wa sidii, anayeyataka akayafuata huko. Wengine nao husafisha sauti hadi mikwaruzo yote ikatoweka, na tarumbeta ikatoweka nayo, ikabaki kama inapigwa ndani ya mto wa usufi. Hayati John R. T. Davies wa Uingereza, aliyezisafisha zile za JSP, aliacha mkwaruzo kidogo ili shaba isikike kuwa ni shaba, na mimi nipo upande wake.

Kuhusu fedha, msomaji mwenzangu asidhani kila kasha ni la matajiri. Kwa muda mrefu sheria za Ulaya zililinda rikodi kwa miaka 50 tu, na ulinzi ulipoongezwa hadi miaka 70 mwaka 2013, zilizotoka kabla ya 1963 hazikurudishwa chini yake, hivyo yeyote huko anaweza kuzitoa bila kumlipa mwenye rikodi. Ndiyo maana makasha mengi ya bei nafuu ya swingi yanatoka huko. Yaliyo ghali ni kama ya kampuni ya Mosaic ya Marekani, iliyoanza miaka ya 1980, ambayo hutoa idadi maalumu na zikimalizika zimemalizika. Wala fedha hizo, nafuu au ghali, zisidhaniwe kwamba zinawafikia waliopiga. Count Basie, kiongozi wa bendi ya swingi, alitia saini mkataba na kampuni ya santuri ya Decca uliompa dola 750 kwa nyimbo 24, bila hata senti moja ya mauzo, na matunda ya mkataba ule leo yamo katika kasha la sidii 3 ambalo silichoki.

Kilichonisukuma kuandika, Mheshimiwa, ni mwaka ule wa 1928. Mwaka ambao Armstrong alikuwa Chicago, Siti binti Saad wa Fumba alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurikodi santuri za kampuni ya HMV. Ni teknolojia ile ile, dakika 3 zile zile, na huenda wino wa lebo ulikauka kwa mwezi mmoja. Ya Armstrong ninayo kabatini kwangu Wete, yakiwa yamepangwa kwa tarehe na kijitabu chake. Ya Siti nayasikia vipande vipande, nikiletewa na vijana kwenye simu bila jina la mpiga udi wala wa fidla, tena mara nyingine wimbo umekatwa kabla ya beti la mwisho. Tunalihitaji kasha la Siti, lenye kijitabu cha Kiswahili na mashairi yake yakiwa yameandikwa kwa ukamilifu.

Kasha la namna hiyo huanzia majumbani, kwa sababu wanaolitengeneza hutafuta nakala iliyochakaa kidogo kuliko zote. Bibi yangu aliacha santuri moja ya Siti, yenye nembo ya HMV, picha ya mbwa mbele ya gramafoni. Nilipoikuta imeota ukungu baada ya masika, niliipangusa kwa pamba na spiriti, kama nilivyozoea kusafisha kioo cha redio. Spiriti huyeyusha utomvu uliotengenezewa santuri zile. Pamba ilitoka nyeusi, mng'aro ukapotea mbele ya macho yangu, na sindano ilipowekwa haukusikika ila mvumo kama wa mvua juu ya bati.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Unguja na Pemba walio na santuri chini ya vitanda wasizipanguse kwa spiriti wala mafuta ya taa, wazisimamishe wima badala ya kuzilaza, na waandike kila kilichomo kwenye lebo pamoja na ile namba iliyochongwa pembeni yake, kwani kwa namba hiyo ndipo hujulikana ni rikodi ipi na ni rudio la ngapi. Ya bibi yangu haiimbi tena, lakini namba yake bado inasomeka, na nimeshainakili daftarini.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.