Wazee wanaosahau walindwe kwenye miamala ya simu bila kunyang'anywa fedha zao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie Benki Kuu ya Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na kampuni zinazoendesha huduma za fedha kwa simu jambo linalowasibu wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ugonjwa ambao familia nyingi bado huuita uzee tu.

Mama yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 76, anaishi wilayani Hai, na dalili zilianza kuonekana miaka mitatu iliyopita. Sina ugomvi na simu, kwa kuwa nyumbani kwetu imefanya kazi ambayo mimi niliye Dar es Salaam nisingeiweza. Mwanzoni tulimtegeshea kengele ya kumkumbusha dawa ya presha, lakini kila ilipolia alikwenda kufungua mlango akidhani amekuja mgeni. Ndipo nilipoweka sauti yangu mahali pa mlio: "Shikamoo mama. Saa moja imefika. Dawa yako iko kwenye kopo la bluu, juu ya kabati." Wifi yangu anasimulia kwamba mama huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha huinuka na kulifuata kopo. Tangu hapo ni nadra sana kukosa dawa.

Shida imetupata kwenye fedha. Mapema mwaka huu mama alipokea ule ujumbe unaofahamika kwa kila mwenye laini, wa "ile hela itume kwenye namba hii". Wengi wetu huufuta. Mama, ambaye hana hakika kama anadaiwa au hadaiwi, alituma, na kwa kuwa ujumbe ulibaki kwenye simu, kesho yake aliusoma kana kwamba umeingia asubuhi ile akatuma tena, na keshokutwa vilevile. Zilikwenda shilingi 240,000 kwa siku tatu. Namba ile tuliiripoti kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa. Tulipompeleka mama kwenye duka la huduma kwa wateja, mhudumu alimuuliza kwa upole maswali ya kuthibitisha kuwa laini ni yake, likiwamo la muamala wake wa mwisho. Mama alinyamaza, akanitazama, na machozi yakamlengalenga. Mwishowe tulishauriwa kwamba nichukue namba yake ya siri niishike mimi.

Ushauri huo nimeusikia pia kutoka kwa majirani na ndugu wenye nia njema, nami naupinga. Anayeishika namba ya siri ya mzee ameishika akiba yake yote, na ikitokea fedha zimepungua, hakuna kumbukumbu itakayoonyesha kama aliyezitoa ni mzee mwenyewe au mjukuu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 12 inatambua kwamba watu hao wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, inazitaka nchi ziwapatie msaada wanaouhitaji ili kuutumia uwezo huo, na inataja waziwazi haki yao ya kusimamia mambo yao ya fedha. Msaada wa aina hiyo kwenye miamala ya simu sisi hatujaupata.

Ninachoomba ni kwamba mtu, angali na ufahamu wa kutosha, aweze kumsajili ndugu mmoja anayemwamini na kujipangia kiwango cha fedha. Muamala unaozidi kiwango hicho, au unaokwenda kwa namba ambayo hajawahi kuitumia, usubiri mpaka ndugu huyo aulizwe. Ndugu mwenyewe asiweze kutoa hata shilingi moja, na mwenye laini aweze kumwondoa atakapo. Maelekezo yatolewe kwa sauti, kwa Kiswahili, na yafanye kazi hata kwenye kitochi, yaani simu ndogo ya kawaida. Utaratibu huo ungemfaa pia kijana ambaye ugonjwa wa akili ukimpanda hugawa mtaji wake wote, kisha akitulia huanza kuuliza umekwenda wapi.

Najua hilo linahitaji ugonjwa wa kusahau ugundulike mapema. Utafiti uliofanyika huko Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi wanao. Wilaya hiyo hiyo ndiko kilikoandaliwa kipimo kifupi kinachomfaa hata asiyejua kusoma, ambapo mzee hutajiwa maneno ayakumbuke baadaye na huombwa kupanga njiti za kiberiti, na baadaye kipimo hicho kiliwekwa kwenye programu ya simu ili kiweze kutumiwa na wahudumu wasio madaktari bingwa. Kifikishwe kwenye zahanati zote.

Mama bado ana siku zake nzuri, na katika siku hizo anaweza kusema bila kusitasita ni nani kati yetu anayemwamini. Naomba utaratibu huu upatikane kabla siku hizo hazijamwishia.

Msomaji wako,
Mbezi, Dar es Salaam