YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAA LA NYUMBA NA. 6, NA NILIVYOTENDEWA KAUNTA YENU

Mpangaji, Nyumba Na. 6,
Ilomba, Mbeya.
3 Februari 2025

Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Nyumba,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu kwa heshima. Naandika kwa sababu simu zangu hazipokelewi tena, na kwa sababu mara ya mwisho nilipofika ofisini kwenu nilirudi nyumbani nikilia ndani ya daladala, mtu mzima mwenye watoto watatu, abiria wananitazama kuanzia Kabwe mpaka Ilomba.

Kifungu cha 9 cha mkataba wa pango, kinachomtaka mpangaji alipie matengenezo, mnakijua, mmekiandika wenyewe. Sijakikataa. Tangu nihamie mwezi wa nane nimekitii: kitasa cha mlango wa mbele 25,000, koki mbili 24,000, kuzibua chemba 40,000, na sinki la choo 65,000. Sinki hilo lilikuwa limepasuka siku nakabidhiwa funguo, na aliyenikabidhi aliliona. Nikalipa tu, maana choo hakisubiri majadiliano. Jumla 154,000, na sikuwaomba hata shilingi.

Paa ni habari nyingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari upepo ulishuka kutoka upande wa Loleza pamoja na mvua kubwa, na mabati manane ya upande wa sebuleni yakang'oka pamoja na papi zake, yaani mbao zinazopigiliwa bati. Nasisitiza, pamoja na papi. Yalikutwa uwanjani kwa jirani, misumari bado imeshika mbao. Asubuhi fundi alipanda, akashuka na kipande cha kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, akakibana kwa vidole viwili mbele yangu kikamwagika unga. Mchwa. Alisema ni mbao za paini zilizopigwa bila kutiwa dawa, na kuliwa kiasi kile si kazi ya mwaka mmoja wala miwili. Mimi nilikuwa na miezi mitano ndani ya nyumba hiyo. Mpangaji gani anapanda darini kukagua kenchi kabla ya kusaini?

Chini ya bati hilo kuna cherehani yangu. Kazi yangu mnaijua, niliijaza kwenye fomu yenu. Wiki ile shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na nilikuwa na sare za watoto wa watu, nyingine zimebaki vifungo tu. Dali lililowa likaanguka juu ya meza ya kukatia. Mashati meupe kumi na moja yakaingia maji ya kutu na vumbi la dali, nikayaloweka kwa jiki siku mbili, madoa ya kahawia yakabaki pale pale kwenye kola. Nikanunua kitambaa upya kwa 88,000 na kushona usiku, kwa sababu mzazi aliyelipia sare haelezwi habari za kifungu cha 9.

Dada wa ofisini kwenu aliyepokea simu yangu siku ile aliniambia kwa upole, mama, tengeneza kwanza, leta risiti, tutaona. Namshukuru kwa upole wake. Nikakopa kwenye kikoba: mabati 224,000, mbao 48,000, misumari 18,000, fundi 80,000. Jumla 370,000.

Jumatatu ya tarehe 20 Januari nikaleta risiti kama nilivyoambiwa. Kijana wenu wa kaunta alikuwa anakula andazi. Hakuniamkia, na mimi ni wa kumzaa. Akapekua risiti zangu kwa mkono mmoja, akasema, "Wewe mama, kifungu cha 9 hukukisoma, au kusoma hujui? Nyumba ikikushinda hama, wapangaji wapo wengi." Kisha akachukua risiti yangu moja akapangusia mafuta ya vidole, akanirudishia.

Na si hilo tu. Mwezi Desemba, kabla ya mvua hiyo, mlinitumia taarifa kwamba kuanzia Februari kodi inapanda kutoka 250,000 hadi 300,000 "kutokana na maboresho ya nyumba". Maboresho gani? Ofisi yenu haijaleta hata msumari tangu nihamie. Maboresho yote yaliyopo ni kitasa changu, koki zangu, sinki nililolipia mimi, na rangi ya sebuleni ambayo nayo niliipaka mwenyewe mwezi wa kumi. Yaani nimenunua vitu nikavifunga kwenye nyumba yenu, halafu mnataka nivilipie tena kila mwezi. Taarifa hiyo ninayo, ina mhuri wenu.

Narudi kaunta, maana nataka uone kilichotokea kama nilivyokiona mimi. Kwenye benchi walikuwepo watu wanne wakisubiri, mmoja wao mzee mwenye kofia ambaye aliinamisha uso kwa aibu iliyokuwa yangu. Kijana hakushika karatasi yoyote kwa bahati mbaya. Aliichambua, akaitoa ile ya mabati, ya 224,000, akaikunja mara mbili. Akapangusa kidole gumba. Akapangusa cha shahada. Akaigeuza upande mkavu, akamalizia mdomo. Kisha akaisukuma kwangu kwa ncha ya ukucha, kama mtu anayesukuma kitu kichafu. Na mimi, kwa mazoea ya kulelewa, nikasema asante. Ndugu Meneja, hiyo asante ndiyo inayonikosesha usingizi mpaka leo. Risiti nimeiambatanisha. Doa lipo juu ya tarakimu za jumla, lakini bado zinasomeka.

Sasa niseme ninachotaka.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuipangisha, na iendelee kufaa muda wote wa pango. Nyumba ambayo kenchi yake inabanwa kwa vidole ikawa unga haikufaa siku ile, na haifai leo. Fundi amebadilisha papi tu. Kenchi zenyewe bado zimeliwa, na masika hayajaisha. Kila upepo ukivuma nahamishia watoto chumba cha nyuma.

Nilipokaa kuandika nilikuwa na nia ya kudai 370,000 peke yake. Lakini kadiri ninavyoandika naona nilikuwa nawaonea huruma watu ambao hawakunionea mimi. Nadai 370,000 ya paa. Nadai 65,000 ya sinki lililopasuka kabla yangu. Nadai 88,000 ya vitambaa. Hiyo ni 523,000. Kodi ya miezi sita ninayo tayari kwa bei ya zamani, 1,500,000, na mtapokea 977,000. Nyongeza ya Februari siitambui mpaka mnionyeshe boresho moja mlilolilipia ninyi. Kenchi zibadilishwe zote, kwa gharama ya mwenye nyumba, kwa mbao zilizotiwa dawa, na fundi wangu awepo kuzikagua kabla hazijapigwa bati.

Na kijana yule aniombe radhi. Si kwa simu, si kwa ujumbe. Pale pale kaunta, mbele ya wateja watakaokuwepo benchini.

Nawapa siku 14, yaani hadi tarehe 17 Februari. Zikipita bila jibu la maandishi nitafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na sitakwenda peke yangu. Wapangaji wa nyumba namba 4 na 5 wana mkataba huo huo na paa la mbao zile zile, na wote wawili wamenionyesha unga unaodondoka darini kwao. Tumeshapiga picha. Msithubutu kuja kufunga mlango wangu kwa kufuli. Kitasa ni changu na risiti yake ninayo, hiyo haina mafuta.

Wako katika kusubiri haki yangu,

Mpangaji, Nyumba Na. 6

Viambatanisho: risiti tisa, taarifa ya kupanda kwa kodi, picha za kenchi, shati moja, lioneni wenyewe.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.