Futi ya fundi cherehani iwepo kila kliniki ya watoto

Mhariri,

Habari za watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji na wenye mgongo wazi huandikwa zaidi pale msaada unapokabidhiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), au kambi ya upasuaji inapofika mkoani. Ni jambo jema, ila mtoto anayefikishwa akiwa na miezi minane na kichwa cha sentimeta 60, mpira wa kutoa maji kichwani humpunguzia tu mgandamizo. Ubongo uliokwisha kuumia haurudi. Wa kumwahi ni muuguzi wa kliniki, naye anahitaji futi tu.

Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha karibu sentimeta 35 mzunguko. Miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kama sentimeta 2 kila mwezi, kisha kasi hupungua. Futi ipite juu kidogo ya nyusi na kisogoni palipotokeza zaidi. Ipimwe mara mbili au tatu, iandikwe namba kubwa kuliko zote kwenye kadi pembeni ya uzito. Namba moja haisemi mengi, kwani zipo koo zenye vichwa vikubwa na hawaumwi. Kinachotisha ni kichwa kukua haraka kuliko mwezi uliopita. Ukiona utosi umevimba na kukaza mtoto akiwa ametulia na amekalishwa, au macho yameelekea chini weupe ukabaki juu, mpe rufaa siku hiyo hiyo. Utosi ukiwa wazi, ultrasaundi huonyesha maji. Hakuna haja ya kumchelewesha kwa kungoja CT skani.

Baada ya upasuaji wengi hudhani yameisha. Mpira hutoa maji kwenye vyumba vya ubongo, hupita chini ya ngozi na kuyamwaga tumboni. Huweza kuziba au kuingia wadudu, hasa miezi ya mwanzo. Mtoto hutapika, husinzia, hulia ovyo, pengine na homa, na hapo ndipo hupewa dawa ya malaria akarudishwa nyumbani. Kukuta vimelea vya malaria hakuthibitishi kwamba mpira ni mzima.

Ipo njia ya pili, ya kutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo kwa endoskopu (kamera nyembamba) na kuchoma tishu inayotengeneza maji. Dkt. Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, aliikuza katika hospitali moja ya Mbale, Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa watoto wa hospitali hiyo haukuona tofauti ya ukuaji wa akili, baada ya miezi 12, kati ya njia hizo mbili. Kwa mama wa kijijini, kutobaki na kifaa mwilini ni nafuu kubwa, lakini tundu nalo huweza kujifunga, kwa hiyo futi iendelee.

Mgongo wazi: funika kidonda kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, mlaze mtoto kifudifudi, usipake spiriti wala majivu. Kidonda kifungwe kwa upasuaji ndani ya saa 48 hadi 72 tangu azaliwe. Kichwa kipimwe mara kwa mara baadaye, maana maji mara nyingi hujaa kidonda kikishafungwa.

Na foliki, vitamini ya kupunguza hatari ya mgongo wazi, mikrogramu 400 kwa siku, ianzwe kabla ya mimba. Mgongo wa mtoto hujifunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa; mama anayeanza vidonge kwenye hudhurio la kwanza la miezi mitatu au minne amekwisha kupitwa.

Muuguzi wa upasuaji wa ubongo,
Dar es Salaam